Sikio la Bwana Pazi

Vijana wa kituo mmeniomba niandike kumbukumbu zangu za kazi kabla sijazisahau, na mmeniomba kwa adabu, soda ikiwa mkononi, kwa hiyo nimekubali. Vyeo sitavitaja, vilikuwa vichache na vilichelewa. Mshahara mnaujua, ni huo huo mnaoulalamikia ninyi. Nitaandika habari za siku za mwanzo, za punje za choroko, za mtoto mmoja aitwaye Shija, na za sikio la msimamizi wangu Bwana Pazi, ambalo lilinihangaisha miaka yote niliyofanya kazi chini yake.

Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la pili huko Kishapu. Darasani kwangu kulikuwa na watoto wawili ambao kila mtu alisema hawafundishiki, na kwa kuwa mimi ni mbishi tangu kuzaliwa, niliwafundisha. Mtu wa wilaya akaona, nikapelekwa kozi ya uchambuzi wa tabia, halafu nikahamishiwa kituo chetu hapa Kahama kushughulika na watoto wenye usonji. Kazi yenyewe mnaijua, lakini huenda karatasi hii ikaangukia mikononi mwa mtu asiyejua, basi nieleze. Mtoto anafanya jambo linalowashinda wazazi: anajigonga kichwa ukutani, anang'ata wenzake, anatoroka. Wewe unakaa, unamtazama, unatafuta ni kitu gani kinachoifanya tabia hiyo iendelee. Ukikipata unakibadilisha hicho, fimbo unaiacha nyumbani.

Shida ni kwamba nilirudi kutoka kozini nikiwa mimi yule yule. Nilitegemea nitaamka siku moja nijione nimekuwa mtaalamu, nikawa ninaamka mwalimu wa darasa la pili mwenye cheti. Mzazi akiingia ofisini na kusema, "Shikamoo mtaalamu," nilikuwa nageuka nyuma kuangalia nani ameingia. Cheti chenyewe nilikitundika nyuma ya mlango, mahali ambapo anayeingia hakioni na anayekiona ndiyo anaondoka. Niliogopa, jamani. Niliogopa kwamba siku moja atatokea mtu mwenye akili zake, aniangalie usoni, aseme, "Huyu mama anabahatisha."

Mtaani ndiyo kabisa. Ofisi iliniita Mchambuzi wa Tabia, Nyahanga nilikopanga wakaniita Mama Tabia, na ndani ya mwezi mmoja wakaanza kunijia wanaume wenye malalamiko ya ndoa. Mmoja alikuja amevaa vizuri, akakaa, akasema, "Mama Tabia, mke wangu ana tabia ya kunifuata kila ninapokwenda." Nikamwuliza anakwenda wapi. Akaanza kupangusa viatu vyake. Nikamwambia mke wake hana tatizo, ana macho, na mashauri yameisha.

Halafu kuna choroko. Bwana Pazi alinifundisha kwamba ukitaka kujua jambo linatokea kwa wingi gani, usiandike mbele ya watu, kwa sababu watu wakiona kalamu wanabadilika. Unajaza choroko mfuko wa kushoto wa sketi, na kila jambo likitokea unahamisha punje moja kwenda mfuko wa kulia. Nyumbani ndiyo unahesabu. Ni kifaa kizuri kuliko vyote nilivyotumia, ila usisahau kuzitoa unapofua. Mimi nilisahau, sketi ikakaa kwenye beseni, zikaota. Na kuna hasara nyingine. Kwetu Usukumani mtu akikuona umekaa kimya unamtazama mtoto, midomo inacheza, punje zinahama kutoka mfuko hadi mfuko, hafikirii uchambuzi. Anafikiri unapiga ramli. Mzee mmoja aliniletea kuku mweusi nimwangalizie ng'ombe waliopotea. Kwa hiyo nilikuwa mtaalamu wa kubahatisha ofisini na mganga wa kubahatisha mtaani, na kote kuwili nilingoja kuumbuliwa. Kuku nilitaka kumrudisha kwa sababu ya maadili ya kazi, Bwana Pazi akasema kuku hana kosa, tukamla.

Sasa huyo Bwana Pazi. Mzaramo wa Kisarawe, mfupi, mpole wa sura, mwenye kofia ya kushona kwa mkono. Mimi Msukuma, na mnajua Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu enzi za mababu. Siku niliyoripoti hakunikaribisha. Alinipima kwa macho kutoka chini hadi juu, safari ndefu kwa sababu mimi si mdogo, akasema, "Mmemleta huyu afundishe watoto au abebe jengo?" Nikamjibu kwamba nimesikia kwao mtu huuza shamba apate hela ya kucheza ngoma, kwa hiyo nimeshangaa kukuta bado ana viatu. Akacheka mpaka kofia ikaanguka. Tukawa tumejuana.

Ila alikuwa na tatizo la sikio. Siku hiyo hiyo, watu walipotoka, nilimwendea nikamwambia ukweli wangu: "Bwana Pazi, usinitegemee sana. Mimi si mtaalamu hasa, nimebahatisha tu kufika hapa."

Akaangalia dirishani. "Hee," akasema, "Kahama mnapata vumbi nyie."

Nikadhani hakusikia. Nikarudia kwa sauti. Akainuka kutafuta kikombe. Nikaona aibu, nikabadilisha maneno, nikasema, "Yule mtoto wa asubuhi nimeona anaanza kulia kila mama yake akishika simu." Aligeuka mwili mzima, kikombe akakisahau. "Ehee! Lete hapo, mtani. Kabla ya simu alikuwa anafanya nini? Na mama akiiweka chini?" Tulikaa tukizungumza mpaka mlinzi akaja kufunga geti.

Ikawa hivyo miaka na miaka. Kuna maneno aliyasikia hata ukinong'ona, na kuna maneno yalimpita kama hayakusemwa. Nilifikiri ni sikio moja, nikawa nakaa kulia kwake, halafu kushoto, nijue ni lipi bovu. Sikupata jibu, kulia hasikii, kushoto hasikii, kesho yake anasikia kote. Nikamshauri aende hospitali akasafishwe. Akaitikia kwa huzuni kabisa, "Nitakwenda, mtani, asante kwa kunijali." Nilimweleza mpaka mke wake. Yule mama alicheka hadi akakaa chini, nikamwona ni mwanamke asiye na huruma.

Nije kwa Shija, kwa sababu huyo ndiye kazi yangu yote.

Mama mmoja alikuja kituoni kutoka machimbo ya dhahabu nje kidogo ya Masumbwe. Watu wote walimwita Mama Kulwa, kwa jina la mmoja wa pacha wake, Kulwa na Doto. Shija alizaliwa baada ya hao pacha, ndiyo maana akaitwa Shija, kama desturi inavyotaka. Alikuwa na umri wa kuanza shule, hasemi, haangalii mtu, na anakimbia. Mimi siku ya kwanza nilisahau jina la pacha, nikamwita Mama Shija. Aliinua uso akaniangalia. Hakuna aliyewahi kumwita kwa jina la mtoto yule. Basi nikaendelea hivyo hivyo, nikijifanya nilikusudia.

Nilikwenda machimboni nikaione hali mwenyewe. Nilimkuta Shija amefungwa kiunoni kwa kamba ya manila, ile wanayopandishia mawe kutoka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia. Ncha nyingine imefungwa kwenye nguzo ya kibanda. Kamba ilikuwa imeshamchubua. Hasira ikanipanda, nikamgeukia baba yake nikitafuta maneno makali. Akaniwahi.

"Mwalimu, usinitazame hivyo," akasema. "Nikimfungua anakimbilia karasha. Kila siku karasha."

Karasha ni mashine ya kusagia mawe, na ile ya pale ilikuwa na mkanda ulio wazi. Baba Shija alinionyesha jamaa mmoja aliyekuwa anauza vocha kwa mkono mmoja. "Ule mwingine ulikwenda na mkanda huo," akasema. "Bora niwe na mtoto wa kamba kuliko mtoto wa kaburi. Mfanyie hizo choroko zako alizonisimulia mama yake. Ikishindikana, kamba inarudi, na shule tusiitaje tena."

Nilimwomba aniachie mtoto afunguliwe mchana tu, mimi nikiwepo, na kijana mwenye mbio akae karibu na karasha amdake. Nikakaa juu ya gunia kivulini, nikajaza choroko mfukoni, nikamtazama Shija.

Kwa kweli sikuelewa kitu. Nilidhani anapenda kelele ya mashine, nikampa debe na kijiti, akavitupa. Nilidhani anatafuta kitu cha kula, nikampa matobolwa, viazi vyetu vitamu vya kukausha, akala akakimbia huku anatafuna. Kila akikimbia mama yake alipiga yowe, na kila yowe likipigwa kambi nzima ilitoka. Hilo halikunishangaza hata kidogo, na hapo ndipo ujinga wangu ulipokaa. Mimi ni Msukuma, nimezaliwa kwenye sungusungu. Kwetu yowe, mwano tunauita, ukipigwa hakuna kuuliza: mkubwa kwa mdogo unatoka mbio, na asiyetoka anapigwa faini na walinzi wa jadi. Kwangu watu kukimbia wakisikia mwano ni sawa na maji kushuka mlima. Mgeni yeyote angeliona. Mimi nilikuwa naitazama tabia ya mtoto, na sikuwa naona watu mia wanaotimua vumbi nyuma yake.

Siku moja, nimechoka, nimekata tamaa, nikaona jambo dogo. Shija alifika karibu na lundo la mawe, akapunguza mwendo, akageuza shingo nyuma. Anaangalia kama wanakuja. Alipowaona wote, wachimbaji, mama ntilie na mwiko wake, jamaa wa vocha, uso ukamfunguka, akacheka kicheko kikubwa kabisa. Mtoto ambaye haangalii mtu!

Nikampigia Bwana Pazi simu. Nikaanza vibaya: "Bwana Pazi, nadhani hapa nimefika mwisho, hawa watu watagundua mimi si mtaalamu..."

"Halo? Halo?" akasema. "Mtandao, mtani! Sikusikii."

"Mtoto anageuka kuangalia kama anafuatwa," nikasema.

"Ehee!" Mtandao ulirudi wenyewe. "Na wanaomfuata ni wangapi?"

"Kambi nzima."

Akasema, "Mtani, mimi nikikimbia nikafuatwa na kambi nzima inanishangilia, sirudi nyumbani mpaka leo."

Ndivyo ilivyokuwa. Mtoto asiyeweza kusema "njooni tucheze" alikuwa amegundua namna ya kuwaita watu wote kwa mara moja. Na aliyekuwa akimlisha tabia ile ni mwano wetu wenyewe, desturi nzuri ya kulinda watu.

Dawa ilikuwa rahisi kuisema: asikimbizwe. Lakini mwano ni sheria. Ilibidi niende kwenye kikao cha sungusungu, wanaume wamekaa kwenye magogo, kamanda wao mbele, mzee mkavu mwenye filimbi shingoni. Nilisalimia, nikaeleza. Niliwaomba Shija akikimbia mama yake anyamaze, mashine izimwe, mtu asimkimbize wala asimtazame. Akirudi kwa mama yake kwa miguu yake mwenyewe, hapo ndipo mwano upigwe na watu watoke mbio wamzunguke.

Ukapita mnong'ono. Kamanda akaishika filimbi yake kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. "Mayu," akasema, na hilo kwetu ni neno la heshima kwa mama, "mwano ni wa mwizi. Ni wa moto, ni wa fisi. Haujawahi kupigwa kwa sababu mtu amerudi nyumbani. Wewe ni nani hasa, hata tubadilishe mwano?"

Swali lenyewe hilo. Lile nililolikimbia miaka yote, sasa limeulizwa hadharani na mzee mwenye filimbi. Ulimi wangu ulishaandaa jibu la siku zote, kwamba mimi si mtaalamu hasa. Nikamwona Baba Shija amekaa mwisho wa gogo, kamba ameikunja mapajani. Nikameza lile jibu.

"Kamanda," nikasema, "mimi ndiye niliyekaa kwenye gunia lile nikamtazama huyu mtoto. Ninyi nyote mmemkimbiza. Nani mwingine hapa amemtazama?"

Mtu mmoja nyuma akaguna, "Kweli." Kamanda akawaza, akaniuliza, "Na akiumia?" Nikasema mashine itakuwa imezimwa. "Na tukijisahau tukakimbia?" Nikasema wapigane faini wenyewe kwa wenyewe. Hilo liliwachekesha, na sungusungu akishacheka umemshika. Wakakubali kujaribu.

Kesho yake mchana Shija alifunguliwa. Mwendesha karasha, Mkurya mmoja mwenye mabega, alikaa mkono ukiwa kwenye swichi. Niliwaonya wote jambo ambalo nanyi msilisahau: tabia ukiinyima chakula chake inachachamaa kwanza. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua, sauti niliyoiazima kwa Bwana Pazi.

Shija akachomoka. Mashine ikazimwa. Mama Shija akajaza kanga mdomoni akauma. Shija alifika kwenye lundo la mawe, akageuka nyuma: hakuna mtu. Wanaume wote wamekaa wanaangalia vidole vya miguu yao. Akarudi mpaka alipoanzia, akakimbia upya, safari hii anapiga kelele. Hakuna. Mchimbaji mmoja akashindwa, kicheko kikamtoka puani, Kamanda akamtia kofi la kisogo. Shija akaokota jiwe akanitupia mimi, kwa sababu watoto wanajua nani kaharibu mambo. Lilinipata kwenye muundi, kovu ninalo. Nilikuwa nimekalia mguu wangu mmoja kwa mkao wa kishamba kabisa, makusudi, maana miguu yangu ilikuwa imeshaanza kuinuka yenyewe. Mwano ulikuwa kwenye damu yangu pia.

Shija akaenda mpaka kwenye karasha. Akaugusa mkanda. Mashine imezimwa, lakini nani alikuwa anakumbuka? Baba Shija alikuwa ametoka kwenye duara, amesimama na kamba yake mkononi, ananitazama mimi. Mimi nilikuwa naomba kwa Mungu, siwezi kusema vinginevyo. Nilikuwa na hakika kwamba sasa ndiyo nimeumbuka. Watasema yule mama aliyejiita mtaalamu alikaa juu ya gunia akimtazama mtoto anakufa.

Shija akasimama pale. Akatazama watu wasiomtazama. Akakaa chini, akachora vumbi kwa kidole. Halafu akainuka, akaja akitembea, polepole, akapita katikati ya wanaume wote wale, akafika kwa mama yake, akavuta kanga.

Na Mama Shija akasahau kupiga mwano! Analia tu, kanga mdomoni. Ikabidi nimfinye. Akaachia mwano ambao nadhani ulisikika Masumbwe mjini, na kambi yote ikainuka. Walitoka mbio kama vile fisi ameingia zizini, vumbi, filimbi, mama ntilie na mwiko, wakamzunguka mtoto na mama yake wakirukaruka. Shija alikuwa anacheka, ameng'ang'ania kiuno cha mama yake, hajui aangalie wapi, kila mahali pana mtu aliyekuja kwa ajili yake. Baba Shija alibaki amesimama. Nikamwona anafuta macho kwa ile kamba.

Msidhani mambo yaliishia hapo. Kesho yake mtoto alikimbia tena, na keshokutwa, na mwano ukapigwa akirudi mpaka sauti ya Mama Shija ikakauka na Kamanda akaanza kuusaidia kwa filimbi. Baadaye tukawafundisha wamwitikie pia akivuta mkono wa mtu, halafu akionyesha kidole, halafu akitoa sauti. Mkanda wa karasha ulijengewa uzio, kazi ambayo ilitakiwa kufanyika kabla ya mimi na choroko zangu kufika. Shija akaingia shule. Kamba ikarudi kwenye duara kupandisha mawe, na machimbo yote yakaanza kumwita yule mama Mama Shija. Pacha walilalamika.

Mtasema basi, baada ya hapo nilijiamini. Thubutu! Nilikwenda kwenye kesi iliyofuata nikiwa na woga ule ule, nikajiambia Shija ilikuwa bahati. Kesi ya tatu nikasema ni bahati tena. Kila nikimwendea Bwana Pazi na wimbo huo alikuwa kiziwi, na kila nikimletea nilichokiona kwa macho yangu alikuwa mzima wa afya. Bila kujua sababu nikajikuta wimbo naupunguza. Si kwamba woga uliisha, ni kwamba ilichosha kuusema kwa mtu asiyesikia, na nikishaacha kuusema nilikuwa na nafasi ya kusema mambo mengine. Nilikiondoa cheti nyuma ya mlango. Nilidhani ni kwa sababu mlango ulipakwa rangi.

Bwana Pazi alistaafu kabla yangu akarudi Kisarawe. Zamu yangu ilipofika mkaniandalia ile sherehe hapo ukumbini, pilau na kila kitu, na mkaniambia niseme machache. Mlikuwepo, lakini nitaandika jinsi nilivyoiona mimi. Mstari wa mbele alikaa Bwana Pazi, ametoka kwao akisafiri siku nzima, kofia ile ile, fimbo mkononi. Pembeni yake Kamanda. Nyuma yao Mama Shija na mumewe, na Shija, sasa ni kijana mrefu anayefanya kazi ya kupanga matofali, maneno yake machache lakini yake.

Nikasimama. Ukumbi ukanitisha, na mtu akitishwa hurudia za kale. Nikasema, "Ndugu zangu, mmenipa heshima kubwa, lakini kwa kweli mimi sikuwa mtaalamu hasa..."

Mama Shija akafungua pochi yake akaanza kutafuta kitu. Kamanda akamgeukia jirani akamwuliza kama kwao mvua imenyesha. Ninyi vijana, wote, mkatazama dari. Nikadhani spika imezimika, nikaigonga, nikarudia, "Nasema sikuwa mtaalamu..."

Bwana Pazi akaangalia dirishani. "Hee," akasema kwa sauti, "Kahama mnapata vumbi nyie."

Kisha yule Mzaramo akatia mkono mfuko wa koti akatoa choroko, kiganja kimejaa, akazihamishia mfuko wa pili moja baada ya nyingine, taratibu, akinitazama. Miaka yote hiyo! Na ninyi nyote alikuwa ameshawapanga! Nikiwaza hospitali, nikimhurumia, nikibadilisha kiti kulia na kushoto!

"Wewe mzee," nikasema kwenye spika, "kanuni za kazi yetu zinasema mtu aombwe ridhaa kwanza. Uliniomba ridhaa?"

"Mtani haombwi ridhaa," akajibu. Sikio lilikuwa zima.

Watu walicheka, na walipomaliza nikaona wote wananingoja. Hakuna aliyekuwa anatazama dari tena. Mama Shija alikuwa amefunga pochi, amekaa ukingoni mwa kiti, kifua amekijaza pumzi kabisa. Nilimfahamu yule mwanamke, nilijua anangoja nini. Machozi yakanijia, nikayaacha.

Nikasema, "Kazi hii niliiweza."

Mwano ukapigwa. Viti vikaanguka, filimbi ikalia, ukumbi mzima ukatoka mbio kuja mbele, pilau likimwagika. Wa kwanza kunifikia alikuwa Shija. Mbio zake hajaziacha, huyo.